Kuifufua TRS-80 Model 100 iliyolala miaka mingi

Ukiipata Model 100, kompyuta ya kubebeka ya zamani, iwe ya mtumba au iliyosahaulika kabatini, usiiwashe kwanza. Mashine hizi haziuawi na uzee kama zinavyouawa na betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, na hewa ya chumvi ya Dar huimalizia kazi hiyo.

Ilitengenezwa na Kyocera ya Japani, Tandy, kampuni ya Marekani, wakaanza kuiuza 1983: saizi ya daftari, kioo cha mistari 8 yenye herufi 40, modemu ndani yake, na betri nne za AA (zile za saa ya ukutani) zinazodumu saa 20 hivi. Bonyeza swichi, unaandika papo hapo.

Toa betri za AA, weka swichi ya MEMORY POWER iliyo chini ya mashine kwenye OFF, kisha fungua skrubu nne za mgongoni. Fungua taratibu kama kitabu, kwa sababu waya zinazounganisha nusu mbili ni fupi. Tafuta ile betri ndogo, ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6. Ikiwa imezungukwa na ukungu wa kijani, imevuja. Hata kama haijavuja, itoe. Uchafu wake ni alkali, kwa hiyo usugue kwa siki nyeupe na mswaki mkuukuu, futa kwa maji kidogo, malizia na spiriti. Weka bodi mbele ya feni siku nzima. Unyevu wa pwani haukauki kwa saa moja.

Kwa fundi wa Kariakoo omba betri ya NiMH (aina inayochajika), volti 3.6, yenye miguu ya kuchomelea. Usikubali ya lithiamu ya duara hata akisema "inaingia tu": bodi huichaji betri inayokaa hapo, na lithiamu ya aina isiyochajika inaweza kupasuka. Ukiwa umeshafungua, badilisha pia kapasita za maji (electrolytic), maana nazo huvuja. Zipige picha kwanza ili usigeuze chanya na hasi.

Adapta ndiyo inayoponza wengi. Mashine inataka volti 6 za DC, miliampea 400, na hasi iwe katikati ya pini, kinyume cha adapta nyingi za madukani. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Adapta ya asili ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 za Tanesco, imekwenda.

Rudisha MEMORY POWER kwenye ON (ikibaki OFF mashine haiwaki kabisa, na watu huishia kulaumu bodi). Kioo kikiwa cheupe, zungusha gurudumu la DISP ubavuni. Kikionyesha takataka, shikilia CTRL na BREAK, kisha bonyeza RESET nyuma. Hii hufuta kila kitu. Yenye kumbukumbu ya 32K iliyo salama huandika 29638 Bytes free, yaani maneno kama 4,000 ya Kiswahili. Tarehe irekebishe ndani ya BASIC, lugha ya programu iliyomo kwenye mashine, mfano DATE$="07/07/26". Itasomeka 1926, kwani ile "19" imechongwa ndani ya ROM, kumbukumbu isiyobadilika. Izoee.

Kuhamisha maandishi kwenda laptopu unahitaji waya wa siriali wa kuvuka (null modem), dume la pini 25 upande wa Model 100 na jike la pini 9 upande wa adapta ya USB. Kwenye laptopu fungua programu ya terminal, uweke kasi 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1, XON/XOFF. Kwenye Model 100 ingia TELCOM, programu yake ya mawasiliano, bonyeza F3 uandike 88N1E (mipangilio ileile kwa kifupi), F4 kuingia Term, kisha F3 tena (sasa ni Up, yaani kutuma) na jina la faili. Ikiuliza Width, bonyeza ENTER bila kuandika kitu, la sivyo aya zako zitakatwakatwa. Mistari ikipandana kwenye laptopu, iambie programu ianze mstari mpya kila inapopokea CR (alama ya mwisho wa mstari).

Hakikisha maandishi yote yamefika, ndipo ingia BASIC ufute kwa KILL"BARUA.DO". Faili ikifutwa humo hairudi.