Bustani ya kipupwe: mwezi ukupe tarehe, upepo wa kusi ukupe msimu

Watu wa bara wakisikia "baridi ya Mombasa" hucheka. Wacheke. Kuanzia Juni hadi Agosti, masika yakishapita, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20, na mchicha uliokuwa ukinyauka Februari kabla ya adhuhuri husimama kutwa. Hiki ndicho kipupwe, msimu wangu mkubwa hapa Kisauni.

Usichanganye mwezi na msimu. Mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, kwa hivyo mwezi unaoangukia kipupwe leo utaangukia kaskazi, msimu wa joto, baada ya miaka kama 16. Ndiyo maana wazee wa pwani walihesabu kilimo kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili unaofuata jua. Msimu nauuliza upepo. Kalenda ya Hijria ya ukutani naiuliza tarehe tu.

Hatua ya 1: mwezi ukipungua, tengeneza ardhi
Kuanzia tarehe 16 ya mwezi wa Hijria hadi mwezi usionekane. Udongo wetu ni mchanga juu ya matumbawe, maji hayakai. Changanya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha simamisha ukuta wa makuti upande wa kusini-mashariki, maana kusi huja na chumvi. Wanaofuata mwezi husema mihogo na viazi ipandwe siku hizi. Mimi nimeipanda hata mwezi mchanga, sikuona tofauti.

Hatua ya 2: mwezi ukiandama, sia
Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi. Chukua kijiko kimoja, changanya na konzi mbili za mchanga mkavu, ndipo unyunyize kwenye mifereji. Bila hivyo itaota vichaka hapa na upara pale. Nyanya, biringani na pilipili zisie kwenye kitalu. Bamia na kunde tia shimoni moja kwa moja.

Hatua ya 3: onja maji siku za bamvua
Hapa mwezi una nguvu kweli. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa sana, ndiyo bamvua, na visima vya karibu na pwani huitikia. Mwaka mmojawapo nilimwagilia kitalu kizima tarehe 15 bila kuonja. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa kahawia, kama zimepitishwa motoni. Sasa nateka ndoo, naonja kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, natumia ya mvua niliyokinga kwenye pipa, na kisima nangojea maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana.

Hatua ya 4: mwandamo wa pili, chuma na uatike
Mwezi una siku 29 au 30, nao ndio muda wa mche wa nyanya kuwa tayari. Sihitaji kuandika popote: nikiuona mwezi mwembamba juu ya minazi, mchicha unachumwa na miche inahama. Atika baada ya alasiri, udongo ukiwa umelowa, na uifunike miche kwa kuti siku tatu.