Mbatata kavu kama za Forodhani, Unguja: kaanga mara mbili

Osha mbatata ulizokata mpaka maji yasiwe na weupe (ule wanga ndio unaozigandisha), zifute kwa kitambaa, kisha kaanga moto mdogo dakika tano sita, zisibadilike rangi. Zitoe zipoe kabisa. Halafu moto mkali dakika mbili tatu, mpaka ukizitikisa kwenye kichujio zinalia kha-kha-kha. Mara ya kwanza zinaiva ndani, ya pili ndiyo inayokausha nje. Ukijaza mbatata nyingi kwenye karai, mafuta yanapoa, zinanyonya mafuta na kazi yako bure. Mbatata changa pia hazikubali, maji mengi. Ya kuchovya: twanga punje tatu za thomu (kitunguu saumu) na chumvi, changanya na mtindi mzito na ndimu. Mayonezi mimi siitaki. Mbatata usizifunike, mvuke utazilegeza.