Kiuno cha Mwendesha Baiskeli: Anza na Spana, Kitanda cha Tabibu Baadaye

Kiuno kikianza kuuma, wengi hapa Kisumu humtafuta mtu wa kuwavuta mgongo, ilhali kilichoharibika ni urefu wa kiti. Ukivutwa leo na kesho ukarudi juu ya kiti kilekile, hutafika Kondele kabla maumivu hayajarudi. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Je, ulianguka?

Kama ulianguka au uligongwa na gari, mtu yeyote asikugeuze shingo kabla haijapimwa hospitalini. Shingo ikiuma baada ya ajali, angalia haya: umri wa miaka 65 au zaidi, ganzi au kuwashwa kwenye mikono au miguu, au kugongwa ukiwa juu ya baiskeli, lolote kati ya hayo linatosha kupigwa picha kwanza.

Ulijizuia kwa mkono? Bonyeza kishimo kinachojitokeza kwenye kifundo cha mkono, pale chini ya kidole gumba, ukiinua gumba juu. Kikiuma, chukulia kwamba skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, umevunjika hata eksirei ya siku ya kwanza ikiwa safi, kwa sababu ufa huo huweza kuonekana tu picha ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huu hupata damu kidogo. Ukikandwa badala ya kufungwa, unaweza kukataa kuunga.

Kushindwa kukojoa, miguu yote miwili kulegea, au ganzi katikati ya mapaja: hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ya kukalia kiti hupungua dakika chache baada ya kushuka, hii haipungui. Nayo homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo ni dalili za kupimwa TB ya uti wa mgongo. Mgongo wa namna hiyo hauvutwi.

Hatua ya 2: Kiti

Vaa viatu unavyoendeshea. Shikilia ukuta, keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuinamia upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35.

Kiti kikiwa chini mno, goti huuma mbele. Kikiwa juu mno, huuma nyuma, na nyonga huyumba kufuata kila pedali. Kuyumba huko ndiko kunakochosha kiuno. Mwambie mwenzako akufuate mita 100 akitazama mkanda wa suruali: ukipanda na kushuka kama mizani ya sokoni Kibuye, shusha kiti milimita 5, endesha siku mbili, kisha pima tena. Usivute paipu ya kiti kupita alama iliyochorwa juu yake.

Kwenye baiskeli ya Black Mamba kuna ugonjwa mwingine: nati ya chini ya kiti hulegea, pua ya kiti ikainama. Unateleza mbele, mikono inabeba kifua chote. Laza ubao juu ya kiti, juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu, na ukaze nati maji yakiwa yamelala sawa.

Hatua ya 3: Vidole vinavyokufa ganzi

Kidole kidogo na jirani yake: neva inabanwa kwenye kitako cha kiganja. Gumba, shahada na cha kati: kifundo cha mkono kimepinda sana. Inua usukani kidogo, zungushia vishikio mpira wa tyubu kuukuu, badilisha mshiko kila dakika chache. Ganzi ikibadilika unapogeuza kichwa, chanzo huenda ni shingo, pimwa.

Hatua ya 4: Kitandani

Tabibu wa kairopraktiki, yaani fani ya kutibu mgongo na viungo kwa mikono, akiwa anajua kazi atauliza kabla ya kugusa, atagonga magoti kwa nyundo ndogo, atainua mguu wako ulionyooka aone kama maumivu yanashuka chini ya goti. Mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una mifupa dhaifu. Kisha atakulaza ubavu na kusukuma mara moja, haraka na kwa umbali mfupi.

Mlio unaosikika akisukuma ni gesi katika ute wa kiungo. Hakuna mfupa uliorudishwa mahali pake, ingawa D. D. Palmer, aliyeanzisha fani hii Davenport, Marekani, mwaka 1895, aliamini hivyo. Maumivu madogo ya siku moja au mbili ni kawaida. Anayekuuzia vikao 30 kwa malipo ya mbele, mkimbie. Wiki nne zikipita bila nafuu, pimwa upya. Na kinyozi anayekugeuza shingo mpaka ilie, mlipe kazi ya nywele tu.

Hatua ya 5: Mazoezi

Bila haya, kuvutwa hakudumu. Lala kifudifudi, sukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kikibaki chini, mara 10. Maumivu yakihama kutoka mguuni kuelekea kiunoni, endelea. Yakishuka zaidi mguuni, acha. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu hadi nane, badilisha. Mara sita kila upande. Kwa shingo, rudisha kidevu nyuma bila kuinama, sekunde 5, mara 10.

Hatua ya 6: Kurudi barabarani

Anza na tambarare ya kuelekea Ahero, dakika 20, bila mzigo. Kama baiskeli ina gia, hesabu goti moja likipanda: mara 20 kwa sekunde 15 inatosha. Black Mamba haina gia, kwa hiyo kile kilima cha Mamboleo kwenda Kiboswa shuka usukume. Abiria na gunia vije mwisho, na gunia lipakiwe na watu wawili, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, wala si wewe peke yako ukiwa umepinda kiuno na kushikilia usukani kwa mkono mmoja.