Namna ya kuvaa hanbok ya kike

Hanbok ni vazi la jadi la Korea. Anza na sketi ya ndani, kisha zungushia chima, yaani sketi pana inayofungwa juu ya matiti na si kiunoni, na uikaze barabara, kwa kuwa ikilegea vazi zima hupoteza umbo lake. Halafu vaa jeogori, koti fupi ambalo upande wake wa kushoto hulalia ule wa kulia. Koti hilo lilikuwa refu mwanzoni mwa enzi ya ufalme wa Joseon nchini Korea (1392–1897), likafupishwa hatua kwa hatua hadi kuishia kifuani.

Kazi ngumu ni goreum, kanda mbili za kifuani: zipishanishe, zifunge mara moja, kisha tengeneza kitanzi kimoja tu, ncha zote mbili zikining'inia. Wengi hufunga vitanzi viwili kama vya kamba za viatu, kosa linaloonekana mara moja.

Rangi nazo huchaguliwa kwa makini. Buluu, nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi huwakilisha pande nne za dunia pamoja na kitovu chake, ilhali watu wa kawaida zamani walivaa zaidi nyeupe. Siku hizi vazi hili huonekana hasa harusini, Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno).