Filamu fupi ya uhalifu kwenye mikorosho ya Newala: kuanzia skripti hadi kurekodi

Hatua ya 1: Ipe ardhi kazi

Jiulize: kisa hiki nikikihamishia Kariakoo kitavunjika? Kama hakivunjiki, anza upya. Katika Insomnia ya Norway (1997), mpelelezi anampiga risasi mwenzake kwenye ukungu, anaficha, halafu jua la kaskazini lisilozama linamnyima usingizi. Ukimpa giza, filamu imekwisha. Jua letu huzama kila siku, kwa hiyo tutafute kingine.

Hatua ya 2: Lisome shamba kama mwizi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kabla ya mavuno mkulima husafisha chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane. Mchanga ule mtupu hutunza nyayo, na mwenye shamba anazijua za watu wake.

Au rudi nyuma hadi Juni au Julai, wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Kazi hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Bomba la mota la kupulizia linanguruma, vumbi linafunika miti, mpulizaji amejifunga kitambaa usoni. Umepata mtu aliyeficha sura kihalali na kelele inayomeza ukelele wa mtu, na hujabuni chochote.

Chagua kimoja. Ukiweka salfa na mnada wa korosho, ambao huja baada ya mavuno, ndani ya wiki moja, watazamaji wa Tandahimba, wilaya jirani ya korosho, watakucheka mpaka mwisho wa filamu.

Hatua ya 3: Mhalifu atoke hapahapa

Jambazi mwenye miwani myeusi kutoka Dar mwache. Tuna kangomba: mtu anayenunua korosho kwa bakuli kutoka kwa mkulima aliyebanwa na ada au msiba, kabla ya mnada. Ni haramu, ila kijiji kizima kinamjua, na wengine wanamdai fadhila. Akikutwa amekufa, wote wanahisi ni nani. Asiyejua ni askari aliyehamishiwa juzi. Fumbo lako ni nani atathubutu kusema, na atasemea wapi asionekane. Kila sini ya mahojiano iwe na mtu wa tatu anayepita na ndoo ya maji.

Hatua ya 4: Pima umbali

Andika muda wa safari pembeni ya kila sini. Askari akipanda boda saa nzima kufika kituoni, ushahidi unaweza kufagiliwa. "Mtandao umekata" ruksa mara moja tu.

Hatua ya 5: Kurekodi

Magharibi yetu ni fupi, una kama dakika 20 za mwanga mzuri. Fanyeni mazoezi mchana, kamera iwe tayari. Salfa halisi inawasha macho na kifua. Mpige mpulizaji halisi kwa mbali, waigizaji wako wakae upande upepo unakotoka.

Shimo la Mungu, lile bonde lenye kina la Newala, kila mtu hulitaka kwa sini ya mwisho, mtu asukumwe. Mimi nalionyesha mapema, kina kijulikane, kisha silirudii.

Hatua ya 6: Vibali

Anza na Bodi ya Filamu, kisha ofisi ya wilaya na mtendaji wa kijiji. Ukishuka kuelekea mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, kumbuka kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na magaidi Oktoba 2020, na watu hawajasahau. Bastola ya plastiki ibaki begini mpaka polisi na wanakijiji wote wawe na taarifa.