Kudhibiti volti ya mota iliyogeuzwa jenereta na kuungwa kwenye rektifaya

Katika miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Bududa hadi Kapchorwa, kijito kinachoshuka kwa kasi kinaweza kuzungusha mota ya kawaida ya fezi tatu na kuifanya jenereta. Tatizo ni volti yake, ambayo hupanda mzigo unapopungua na hushuka, au kuzimika kabisa, mzigo unapozidi. Ukiupitisha umeme huo kwenye rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kabla ya kuutumia, kazi hurahisika, kwa kuwa masafa ya umeme (hezi) hayana uzito tena na kinacholindwa ni volti peke yake.

Tuchukue mota ya kilowati 2.2 yenye kibao cha volti 230/400 na mizunguko 1,430 kwa dakika. Ili itoe umeme inahitaji kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji vinavyoipa koili zake mkondo wa kujenga sumaku. Kupata ukubwa wake, kwanza iunge kwa nyota (ncha moja ya kila koili zikikutana pamoja) kwenye umeme wa volti 415, izunguke bila mzigo, kisha upime mkondo wa waya mmoja. Ukipata ampea 2.7, zigawanye kwa 314 (2π mara hezi 50) na tena kwa 240, ambayo ni volti ya kila koili; jibu ni takriban mikrofaradi 36 kwa kila kapasita. Sasa geuza mota iwe delta (koili zikiungana kama pembetatu), unga kapasita tatu kwa delta vilevile, na uizungushe kwa takriban mizunguko 1,570. Tumia kapasita za kazi ya kudumu, za volti 450 za mkondo geu, wala si zile za kuwashia mota, ambazo hupasuka zikiachwa kwenye umeme.

Chini ya mzigo kamili utahitaji kapasita kubwa zaidi. Ongeza kidogo kidogo hadi volti isimame kwenye 230, ukisimamisha mashine na kuziondolea kapasita chaji kabla ya kuzigusa. Hapa ndipo wengi hukosea: kila volti inaposhuka wao huongeza kapasita, kama anayeongeza sukari kwenye chai, ilhali chuma cha mota kikishashiba sumaku, kinachozidi ni mkondo tu, na koili huungua.

Rektifaya ya dayodi sita hutoa volti za mkondo mnyoofu zipatazo mara 1.35 ya volti kati ya nyaya mbili, yaani 310 hivi. Udhibiti wenyewe ufanyike hapo, baada ya dayodi, kwa kuifanya jenereta ione mzigo uleule wakati wote. Kidhibiti hupima volti, na ikivuka 310 transista, yaani swichi ya kielektroniki, hufungua njia ya kwenda kwenye hita za maji kwa muda mrefu zaidi. Nyumba zikiwasha vifaa, hita hupunguziwa. Hita mbili za wati 2,000 za volti 240, zikiungwa mfululizo, zina omu zipatazo 57.6 na humeza takriban wati 1,670, kiasi kinachoifaa mota hii. Ondoa themostati zake, yaani swichi zinazokata umeme maji yakipata moto, kwa sababu zikikata umeme jenereta hubaki bila mzigo, na mkondo mnyoofu huunguza viungo vyake kwa cheche. Hakikisha tangi halikaukiwi na maji.

Weka pia kikata umeme kwenye nyaya za kapasita: maji yakiipeleka mashine mbio, mkondo wa kapasita huongezeka, kikata umeme huanguka na volti hufa.

Washa mashine kwanza, volti ijijenge, ndipo uunge mzigo. Ikikataa kujijenga, huenda imepoteza usumaku wake. Isimamishe, ondoa chaji ya kapasita, kisha gusisha betri ya volti 12 kwenye koili moja kwa sekunde chache.