Somo: Taa ya mfumo wa moshi inapowaka kwenye gari la dizeli, tafuta chanzo kabla ya kufuta msimbo

Somo hili ni kwa wenye magari ya dizeli yaliyotumika Japani au Ulaya kabla ya kuletwa kwetu, yaani yale yenye chujio la masizi ambalo mafundi huliita kwa kifupi DPF, vali ya kurudisha moshi iitwayo EGR, na kwa malori na magari mapya zaidi, mfumo wa AdBlue, yaani kimiminika cha urea kinachonyunyiziwa kwenye moshi ili kuusafisha. Magari haya ni mazuri na hula mafuta kidogo, lakini kila wiki naona mengine yakiharibiwa na matibabu kuliko na ugonjwa wenyewe, na jambo hilo linaniuma.

Kwanza tuelewane kuhusu chujio. Ukilitoa na kulitazama mdomoni utaona vijitundu vingi vya mraba kama sega la nyuki, lakini vimezibwa kwa zamu, kimoja mbele na jirani yake nyuma, hivyo moshi hauwezi kupita moja kwa moja bali hulazimika kupenya kwenye ukuta wa udongo maalumu na kuacha masizi yake humo. Masizi yakikusanyika, kompyuta ya injini huongeza mafuta ili joto ndani ya chujio lifike karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi yakaungua. Hilo hufanyika lenyewe safarini, kwa kawaida kwa dakika 15 hadi 25. Kinachobaki ni majivu yatokanayo hasa na oili ya injini, na hayo hayaungui kwa joto lolote la gari. Tofauti ya masizi na majivu iwekeni akilini, maana tutairudia.

Hatua ya kwanza: soma rangi ya taa na hali ya gari

Taa nyekundu, hasa ya presha ya oili au ya joto la maji, maana yake ni kuegesha mahali salama na kuzima injini. Taa ya njano yenye alama ya injini, au ya kisanduku chenye vitone, yaani taa ya chujio, inakupa muda, ila muda huo si wa miezi. Andika ilipowaka ulikuwa wapi: kwenye foleni, mlimani, au mara baada ya kujaza mafuta? Gari lilipoteza nguvu? Kuna moshi? Moshi mweusi huonyesha hewa pungufu au mafuta yaliyozidi, wa buluu huonyesha oili inaungua, na mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na moto huonyesha mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani ya injini. Kisha futa ndani ya ncha ya ekzosi kwa karatasi nyeupe ya tishu. Gari lenye chujio zima huacha alama hafifu sana, na ukitoka na masizi meusi yanayopaka vidole, ama chujio limepasuka ama mtu alishalitoboa kabla hujalinunua.

Hatua ya pili: chomoa kijiti cha oili

Hatua hii haina gharama na wengi huiruka. Egesha mahali tambarare, subiri injini ipoe, futa kijiti, kirudishe, kisha kichomoe tena. Ikiwa oili imepanda juu ya alama ya juu na inanuka dizeli, basi chujio limekuwa likijaribu kuunguza masizi mara nyingi bila kumaliza, na mafuta ya ziada yameshuka kwenye oili. Dondosha tone moja kwenye karatasi: oili yenye dizeli hutandaa haraka na kuacha duara pana la majimaji pembeni. Mazda wenye injini za SKYACTIV-D waliweka hata alama ya X kwenye kijiti kwa ajili ya hali hii hasa, na oili ikiikaribia inamwagwa, haisubiriwi. Usiendelee na safari ndefu kwa oili kama hiyo, kwa sababu imekuwa nyepesi na beringi za injini na za tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) hazina kinga.

Hatua ya tatu: soma msimbo, uandike, usiufute

Msimbo ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huihifadhi, na mashine ya kuisomea huchomekwa chini ya usukani. Andika misimbo yote kwa mpangilio ilivyotokea, pamoja na takwimu zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto la maji, mzigo wa injini. Fundi anayeanza kwa kufuta amekunyima ushahidi.

Misimbo ya kawaida ni hii: P2463, masizi yamejaa kupita kiasi, P2002, chujio halifanyi kazi inavyotarajiwa, P242F, majivu yamejaa, P2452, mzunguko wa umeme wa sensa ya presha ya chujio una kasoro, P0401, moshi unaorudishwa na EGR hautoshi, P20EE, mfumo wa AdBlue hausafishi moshi ipasavyo. Na upo mmoja ambao mafundi wengi hawauhusishi na moshi kabisa, nao ni P0128, joto la maji ya injini halifiki panapotakiwa. Huo ndio ulionifundisha mimi.

Hatua ya nne: tafuta kinachozuia chujio kujisafisha

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu chujio haliibiwi uwezo wake bila sababu. Gari langu dogo la dizeli liliwasha taa ya chujio mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara zote tatu gereji niliyoiamini iliufuta msimbo na kunishauri nilikimbize gari barabarani. Nililikimbiza kutoka Kibaha hadi Chalinze na kurudi, na taa ikarudi wiki hiyohiyo. Mara ya nne nilikaa kiti cha abiria na mashine ya kusomea mapajani wakati ndugu yangu akiendesha, na baada ya nusu saa kwenye lami, joto la maji lilisoma nyuzi 64. Gari lile halina mshale wa joto, lina taa ndogo ya buluu tu ambayo huzimika mapema, kwa hiyo kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Tulipofungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, tuliikuta tupu. Mtu alishaitoa, kwa ile imani iliyozoeleka kwamba nchi yetu ni ya joto na themostati haina kazi.

Ina kazi kubwa. Kompyuta ya injini hairuhusu uunguzaji wa masizi kuanza mpaka maji yafikie joto la kazi, na themostati nyingi za dizeli hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Ukiitoa, injini inabaki baridi, inatoa masizi mengi zaidi, na wakati huohuo hairuhusiwi kuyaunguza. Tulifunga themostati mpya na mfuniko mpya wa rejeta, na siku ya pili chujio lilijisafisha lenyewe bila kuguswa.

Baada ya themostati, kagua haya. Vipo vipira viwili vyembamba vinavyotoka kwenye chujio hadi sensa ya presha. Vikipasuka au kuziba, kompyuta hudanganywa. Washa swichi bila kuwasha injini: sensa nzima husoma sifuri. Ikisoma presha wakati hakuna moshi unaopita, tatizo ni sensa au nyaya zake, na kuosha chujio ni kupoteza fedha. Kagua mipira ya hewa kati ya tabo na injini kama ina mafuta kwenye viungio, maana hewa ikivuja masizi huongezeka. Kagua filta ya hewa na sensa ya hewa. Pima nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, kwa sababu inayodondosha mafuta huzalisha masizi kila sekunde. Kwa injini ya Toyota 1GD iliyopo kwenye Hilux na Prado za karibuni, ipo nozeli ya ziada kwenye mkondo wa ekzosi yenyewe, nayo ikiziba kwa masizi, joto la chujio halipandi hata ukiendesha siku nzima.

Na mafuta. Tangu 2015 Afrika Mashariki imekuwa na kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ilhali Japani na Ulaya ni 10, kwa hiyo bado chujio letu lina kazi nzito kidogo kuliko lilivyokuwa kwao. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huharibu pampu na nozeli, ndiyo maana ni heri kununua kituo kinachojulikana, ambako mafuta yana vinasaba, yaani alama maalumu ya kutambulisha mafuta halali.

Hatua ya tano: unguza masizi, ukiwa umeshatibu chanzo

Hakikisha tangi lina zaidi ya robo, kwani magari mengi hayaanzi kazi hii mafuta yakiwa kidogo. Endesha kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara kuu kwa nusu saa, kwa gia inayoweka injini karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Ukisikia mngurumo umebadilika, ulaji wa mafuta umepanda, au feni inazunguka kwa nguvu baada ya kusimama, kazi inaendelea, usizime. Usiegeshe juu ya nyasi kavu. Mashine ya fundi inaweza pia kulazimisha uunguzaji gari likiwa limesimama, lakini masizi yakiwa yamepita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, hilo ni hatari kwa chujio na kwa gari zima.

Ikiwa msimbo ni wa majivu, usihangaike barabarani. Chujio linatolewa na kusafishwa kwa mashine maalumu, kisha hesabu ya majivu inarekebishwa kwenye kompyuta. Kulipiga kwa maji ya presha kubwa ya kuoshea magari hupasua kuta zake. Mwisho mwaga oili na uweke yenye majivu machache: kwa magari madogo tafuta alama ya ACEA C3 au JASO DL-1 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na kwa malori ya Japani JASO DH-2.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Morogoro: Shikamoo mwalimu. Fundi wangu anasema dawa ya kudumu ni kulitoboa chujio na kuidanganya kompyuta. Unaonaje?

Jibu: Marahaba. Sikushauri. Kama chanzo ni nozeli inayodondosha, ukitoa chujio nozeli itaendelea kudondosha, ila sasa taa ya kukuonya haipo, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka. Halafu wapo wanaovuta moshi huo: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Watoto wetu husimama vituoni nyuma ya magari haya.

Swali kutoka Tunduma: Lori langu la Ulaya limepunguza nguvu na taa ya AdBlue inawaka. Dereva alijazia maji barabarani, na kuna mtu anauza mchanganyiko wa mbolea ya urea kwa bei nafuu. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, usinunue mchanganyiko huo. AdBlue ni urea safi asilimia 32.5 katika maji yaliyoondolewa madini, kwa kiwango cha ISO 22241, na mbolea ina uchafu unaoua kichocheo cha ndani ya ekzosi ambacho bei yake utaijutia. Mwaga tangi lote, lisuuze kwa maji yaliyoondolewa madini, jaza AdBlue yenye alama ya kiwango hicho, kisha safisha pua ya kunyunyizia. Mara nyingi utaikuta imeganda chumvi nyeupe. Hapo ndipo ufute msimbo. Mkumbushe dereva pia kwamba akikosea akaimimina kwenye tangi la dizeli asifungue hata swichi, kwa sababu pampu ikiizungusha, uharibifu unafika mpaka kwenye nozeli.

Swali kutoka Mwanza: EGR yangu imeoshwa mara mbili na P0401 imerudi. Je, ninunue mpya?

Jibu: Bado. Vali ikiwa safi na msimbo ukarudi, mara nyingi kilichoziba ni njia na kipoza moshi, si vali. Mwombe fundi afungue manifoldi ya hewa na uchungulie mwenyewe kwa tochi. Nimeona tundu la upana wa yai likibaki na nafasi ya kupitisha kidole kimoja tu, lililobaki likiwa masizi yaliyochanganyika na oili kama lami. Pima pia sensa ya hewa, kwa kuwa kompyuta nyingi hukadiria moshi unaorudi kwa kuangalia hewa safi ilivyopungua, na sensa chafu hutoa hesabu ya uongo.

Swali kutoka Nairobi: Nafanya kazi ya kusambaza bidhaa mjini kwa lori dogo la Isuzu lenye kitufe cha DPD, jina la Isuzu kwa chujio la masizi. Kinawaka karibu kila siku na sina muda wa kusimama. Naweza kusubiri mwisho wa wiki?

Jibu: Hapana, kaka. Taa ya DPD ikianza kumweka, egesha mahali pasipo na nyasi wala makaratasi, weka gia huru, vuta breki ya mkono, bonyeza kitufe na uache injini ingurume mpaka taa izimike yenyewe. Fanya hivyo wakati wa kupakia au wakati wa chakula. Lakini kuwaka kila siku si kawaida hata kwa kazi ya mjini, kwa hiyo anza na kijiti cha oili leo jioni, kisha soma joto la maji baada ya nusu saa ya mwendo. Likiwa chini ya nyuzi 75, fungua nyumba ya themostati uone kama kuna kitu ndani.